Risiti Juu ya Kioo

Kiwandani kwetu Barka barafu huhesabiwa kwa miche.
Mche mmoja kilo ishirini na tano.
Unateleza kwenye bati, unaingia lori la samaki,
na kabla lori halijafika Suhar
umekonda, umekuwa maji, umekuwa dai
la dereva anayenipigia simu kunitukana kwa Kiarabu,
kisha akikumbuka kwamba bibi yake na bibi yangu
walitoka Wete kwa meli moja,
ananitukana upya kwa Kiswahili, polepole, kwa adabu.

Ndiyo barafu niijuayo.
Sijapata kusimama juu yake.

Lakini nina timu.
Watu ishirini na wawili, nimewaunda mwenyewe,
nikawavisha viatu vya makali na majina ya jamaa:
Mundhir, Zahor, Sleyum wa kushoto,
na golini Bakhiti,
niliyemtia alama tisini za subira
na kumi na nne tu za mbio, maana kipa aende wapi?
Misimu sita nawalea.
Wala sichezi. Hakuna kitufe cha kubonyeza.
Napanga nani aingie na nani, nani apumzishwe,
natuma, nakaa. Mashine huko iliko ndiyo inayopiga hesabu.
Mama kasema: "Basi ni kama kuoza.
Unachagua, unasoma Fatiha, yaliyobaki si yako."

Leo fainali. Saa nane za usiku, zamu yangu.
Nje nyuzi thelathini na saba, na jua halipo la kulaumiwa.
Kompresa inakoroma,
Gulzar anakoroma juu ya magunia ya chumvi.
Mpinzani wangu Tapio, mtu wa kaskazini ya Finland,
aliniandikia jana: sisi barafu twaivunja kwa shoka tupate kutoka mlangoni.
Nikamjibu: sisi twaiuza kwa baisa mia nane.

Saa nane na dakika moja. Imekwisha.
Sekunde kumi na moja zimeitosha mashine,
vipindi vitatu na ziada, na meno mawili ya Zahor.
Bingwa keshapatikana, ila mimi sijui.
Basi nachukua risiti ya yule dereva wa Suhar,
nafunika kioo cha simu,
naishusha mstari kwa mstari, nisiione kesho kabla ya leo.

Sleyum kapokonywa.
Mundhir nje dakika mbili, kamkwaa mtu.
Goli. Si letu.
Naenda kukagua tangi. Narudi.
Zahor, bila meno, kafunga.
Goli lao. Nalo letu, Sleyum, pembeni kabisa,
nimepiga kelele mpaka Gulzar kageuka upande.
Mbili mbili. Muda wa nyongeza.

Mkono unatoka jasho.
Risiti imelowa, na karatasi ikilowa haifichi kitu:
chini ya "miche arobaini, hajalipa"
naona herufi zinapanda kama samaki chini ya maji.
Bakhiti azuia.
Bakhiti azuia.
Bakhiti azuia, miguu wazi, kisahani chapita katikati.

Tapio kaandika: kipa wako ndiye mchezaji bora wa usiku huu.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuianika risiti.

Saa tisa lori likarudi nyuma mpaka mlangoni.
Gulzar kaamka, kafungua lango la tangi,
kausukuma mche wa kwanza juu ya bati.
Sijui nini kilinishika.
Nikachuchumaa mdomoni mwa bati, ndara zangu zimegusana,
magoti pamoja, mikono wazi.
Ukaja ukitoa moshi, mweupe, bila kunijua.
Ukanipiga muundi, nikaona nyota.

Haukupita.

"We mwana wa watu," dereva akaita kutoka kwenye usukani,
"huo mche ni wangu. Uachie."

Nikamwambia alipe kwanza ile arobaini.